Siku Gavana Alipoinua Mguu

Tulieni, enyi wazao wa wanawake waliozaa kwa uchungu. Anayetafuna na ameze, mwenye kikohozi na akohoe sasa amalize, kwa maana habari hii nayo ni ya uchungu, ingawa ni uchungu mdogo, wa kadiri ya unyayo wa panya. Wengine wamesifu majemadari waliobomoa ngome na wafalme walioteka miji kabla ya staftahi. Waacheni na miji yao. Hapa anasifiwa Anselme Gaudreault, mwana wa Gérard muuza matairi, mjukuu wa Ovila aliyeuza matairi kabla yake, jabari wa ghorofa ya chini, mshika unywele, mlala chali chini ya wavu, ambaye siku ya Alhamisi moja ya mwezi wa Juni, katika mji wa Montreal, alimfanya panya ainue mguu.

Mguu mmoja, tena wa nyuma.

Asiyevijua vita vya maabara atauliza kuna ajabu gani hapo, na panya huinua miguu yake kutwa nzima bila kuombwa na mtu. Ni kweli. Lakini panya huyo huinua mguu kwa haja zake mwenyewe. Kumfanya auinue kwa haja yako, kwa sababu umemgusa na amehisi, ndiko kuliko na jasho, na ndiko kulikomnyima Anselme usingizi tangu majira ya barafu kuyeyuka.

Ada ya vita hivyo ilikuwa hivi. Panya alitiwa sindano ya kuwasha unyayoni, unyayo ukavimba kidogo, kisha akawekwa katika kijisanduku cha plastiki angavu juu ya wavu wa chuma. Mpimaji akaingia chini ya wavu, akalala chali kama fundi wa magari, akatwaa unywele wa nailoni katika seti yake, ambayo ilianzia na ule mwembamba kama unyusi wa mtoto mchanga na kuishia na ule mnene kama wa ufagio, akaugusisha unyayo kutoka chini mpaka unywele ukapinda. Panya akiinua mguu, ameumia. Akiutuliza, hakuumia. Hana neno jingine la kusema, na wasomi wa dunia nzima wamekubali kumsikiliza kwa lugha hiyo.

Basi nusu ya panya wa Anselme walikuwa wamepewa dawa mpya ya maumivu, na nusu maji ya chumvi yasiyotibu kitu. Waliopewa dawa hawakuinua mguu, ikawa furaha. Waliopewa maji ya chumvi nao hawakuinua, na furaha ikaona haya, ikaondoka.

Asubuhi ya siku hiyo Profesa Odile Vachon, mwenye maabara, Malkia wa Uti wa Mgongo, aliyeutumia ujana wake kutafuta zile seli za neva zinazolinda lango la maumivu, alimjia Anselme huku akipenga kamasi, maana chavua za miti zilikuwa zimemziba pua tangu majani yachipue na kwa muda huo wote hakunusa kitu, kizuri wala kibaya.

"Anselme," alisema, "ama maji ya chumvi yameanza kutibu, na basi bahari nzima ni hospitali, ama kipimo chako kimeharibika."

"Profesa, hawa panya ni wagumu sana mwaka huu."

"Panya ni walewale. Saa tisa nawapigia simu wafadhili. Nikimwona kwa macho yangu panya mmoja tu wa maji ya chumvi ameinua mguu kama inavyotakiwa, nawaambia tunaendelea. Nisipomwona, nafunga mradi. Siwezi kuwawasha wanyama miguu bure. Wewe una pengine pa kwenda?"

"Baba ana duka la matairi, Trois-Rivières."

"Matairi ni kazi nzuri," alisema Profesa, akapiga chafya, akaenda zake.

Maneno hayo yalimwingia shujaa kama mkuki. Si kwamba aliyachukia matairi; alikulia ndani yake, na mpaka leo akinusa mpira mpya hukumbuka krismasi. Lakini alikuwa ameapa mbele ya ukoo mzima kwamba Gaudreault mmoja, angalau mmoja, atakufa akiwa daktari wa kitu fulani.

Akaingia chini ya wavu. Juu yake alisimama Gavana, panya mweusi, mnene, mwenye kitambi na heshima, wa kundi la maji ya chumvi, naye akatulia kama sanamu ya kanisani.

"Ewe Gavana," alisema Anselme kutoka chini, "mwana wa kizimba cha tatu, mla mbegu, mlala mchana. Sikukujia kwa upanga. Nimekujia kwa unywele. Inua mguu wako, usiinue kwa ajili yangu, uinue kwa ajili ya sayansi, na kwa ajili ya wote wenye migongo mibovu."

Akagusa kwa unywele wa tatu. Gavana hakuinua. Akagusa kwa wa nne, kwa wa tano, kwa ule ambao panya mzima asiyevimba angeshaurukia. Unywele ukapinda kama upinde wa mvua, na mguu ukakaa palepale kama nguzo ya daraja.

"Bado?" aliuliza mtu mlangoni.

Huyo alikuwa Sidonie Charlebois, mwenzake katika mradi, mwenye ulimi uliochoma kuliko unywele wowote wa seti ile. Alikuwa amesimama nje ya kizingiti, kwa kuwa chakula hakiingii maabara, na mkononi ana bakuli la chipsi zilizomwagiwa mchuzi na jibini.

"Bado. Huyu si panya, ni mnara."

"Jana ulipokwenda kwa daktari wa meno niliwapima mimi, kujaribu tu. Wote waliinua. Huyo Gavana wako aliinua kwenye unywele wa tatu, tena akanitazama vibaya."

Anselme akajiinua ghafla, paji la uso likagonga chuma. Akatukana kwa kutaja vitu viwili vitakatifu vya altareni, kama ilivyo ada ya watu wa kwao wakiumia.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani nimekosea. Ila nimekaa nikafikiri. Panya ni walewale, nywele ni zilezile, chumba ni kilekile. Kilichobadilika ni wewe. Hebu njoo huku nje."

Akatoka. Sidonie akanusa mara moja, akaweka bakuli lake mbali, sakafuni.

"Vua koti."

"Sidonie, watu wanapita."

"Vua koti, bwana wee."

Koti jeupe likafunguka, na chini yake ikaonekana jezi ya hoki, nyekundu, yenye madoa ya haradali na historia.

"Hiyo imefuliwa lini?"

"Haifuliwi. Timu inashinda."

"Tangu Aprili?"

"Tangu Aprili inashinda. Leo ni mechi ya saba, ya fainali. Ukifua jezi katikati ya mtoano unajua mwenyewe kitakachotokea."

"Anselme. Mimi nimewalaumu panya kwa harufu hii. Nimewabadilishia matandiko kila nilipopita, nimewaambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya mama yangu. Kumbe ni wewe."

Hapo ukweli ukasimama katikati ya ukumbi, nao ulinuka. Kwa maana katika maabara ile kila mtu alilijua jambo hili, na Anselme mwenyewe ndiye aliyewafundisha wanafunzi wapya mwezi wa Septemba, akichora picha ubaoni kwa chaki za rangi: panya akinusa dume geni, awe dume la panya au la binadamu, huacha kuumwa. Habari ya unywele hutoka unyayoni mbio kama tarishi mwenye barua, hupanda mguu, hufika kwenye lango la uti wa mgongo, hubisha hodi. Lakini huko juu ubongoni kuna kikao cha dharura. Pua imeleta taarifa kwamba dume kubwa lisiloonekana limejaa chumba kizima. Na ubongo wa panya ukichagua kati ya unyayo unaowasha na dume litakalomla, hauombi muda wa kufikiri. Huteremsha amri kwa neva zake, fungeni lango, leo hatupokei habari za miguu. Lango hufungwa, na tarishi hubaki nje na barua yake.

"Sheria inasema mwanamume asiingie kwa panya ghafla," Anselme alijitetea. "Mimi siingii ghafla. Nakaa, wananizoea. Na jezi si mwanamume."

"Wewe kweli wangekuzoea. Hiyo? Hiyo ni wanaume watano, na mmoja wao amekufa."

Shujaa akajitenga pembeni, akatoa simu yake, akampigia baba yake, kama wafanyavyo majabari wote kabla ya kuvua silaha.

"Baba, ni lazima nivue jezi."

Upande wa pili sauti ya mashine ya kukazia nati za magurudumu ikazimwa.

"Kwa nini? Umeungua?"

"Panya hawainui miguu."

"Mwanangu, nisikilize vizuri. Panya wako tele. Kombe hili tunalisubiri tangu wewe hujazaliwa. Udaktari ukikushinda, njoo, nimeshakuwekea nafasi kwenye matairi ya theluji. Lakini usivue."

"Baba, nikishindwa leo ndio nimeshindwa moja kwa moja."

Gérard Gaudreault alivuta pumzi ndefu, pumzi ya mtu anayepima mwana kwenye kiganja kimoja na kombe kwenye kingine, na haikuwa wazi ni kipi kilicho kizito.

"Vua," alisema mwishowe. "Lakini usiifue. Na mama yako asijue."

Basi jezi ikavuliwa. Haikufuliwa. Sidonie aliipokea kwa koleo, akaitia katika mfuko wa plastiki wa taka za hatari, akautia huo katika mfuko mwingine, akaufunga kwa utepe, akaupandisha ghorofa ya nne akiushika mbali na mwili kama mtu abebaye nyoka. Na wote waliokutana naye ngazini walimpisha.

Lakini alipobaki kifua wazi, Anselme alijinusa, akajua kwamba vita havijakwisha, kwa kuwa jezi ilikuwa imekwisha kumfundisha ngozi. Bafu la watu lilikuwa katika jengo la michezo, upande wa pili wa mlima ulio katikati ya mji, na saa saba ilikuwa imeshapita. Karibu naye, ukutani, palikuwa na bafu la hatari, lile la kuwaokoa wanaomwagikiwa na tindikali, lenye mnyororo mwekundu ambao hakuna mkono uliopata kuuvuta tangu jengo lijengwe. Akautazama. Akafumba macho. Akauvuta.

Enyi mliokaa pakavu, mtasimuliwaje? Maji hayakunyesha, yalianguka. Yalishuka kama ukuta wa hekalu, baridi ya mto wa Januari, yakampiga Anselme mabegani yakampiga magotini, yakamvua ndala moja yakaenda nayo mpaka mlango wa lifti. Naye alisimama humo akijisugua kwa sabuni ya kuoshea chupa, akipiga kelele kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake, na mahali pengine mbali ndani ya jengo kengele ikaanza kulia.

Sidonie aliporudi alimkuta anatetemeka kama jani. Akamtupia sweta lake, la kijani, la sufu.

"Vaa hili. Halafu... subiri, lilete. Lilete hapa."

"Nini tena?"

"Nina paka. Balthazar hulala humo. Ukiingia nalo, hao hawatazima maumivu tu, watazima na roho."

Likabaki joho moja tu duniani, nalo lilikuwa gauni la karatasi la wageni, lililofungwa nyuma kwa kamba mbili na lisilofunga vizuri. Alilivaa. Akaingia chumbani mwa panya akitembea ubavu ubavu, kwa heshima ya Sidonie, akaketi kwenye kigoda kando ya wavu, akatulia. Kwa maana mwanamume, hata aliyetakata, sharti akae kitambo kizuri kabla panya hawajaamini kwamba amekuja kwa amani, na akiingia mwanamume mwingine, kitambo kinaanza upya. Sasa saa tisa ilikuwa imekaribia mno kuanza upya.

Na hapo ndipo ziliposikika buti ukumbini.

Alikuja mzee Normand, mlinzi wa jengo, mpana kama kabati, mwenye ndevu ambazo hakuzinyoa tangu Aprili kwa sababu ileile ya mechi. Dume halisi, lisilo na shaka yoyote. Sidonie alikuwa amekwenda kutafuta deki. Anselme akanyata mpaka mlangoni, akaufungua kiasi cha pua, akatoka, akausimamia kwa mgongo wake, akajibana hapohapo kwa ajili ya ile hali ya gauni kwa nyuma.

"Nani ameungua?" aliuliza mlinzi.

"Hakuna aliyeungua, mzee wangu. Tafadhali, sauti chini."

"Basi mbona umelowa?"

"Nilikuwa naoga."

Mzee Normand akatazama maji yaliyofika kwenye lifti. Akalitazama gauni. Akaamua kuanza na lililo zito zaidi.

"Jezi yako iko wapi?"

"Ghorofa ya nne, kwenye mfuko."

Mlinzi akapiga ishara ya msalaba. "Sogea, kijana. Kanuni inasema nikague chumba."

"Mzee, nakuomba kama ninavyomwomba baba yangu. Humu mna panya. Wakinusa mwanamume mwingine watazima maumivu yao, wasihisi kitu, na mimi nitakuwa muuza matairi."

"Wasihisi kitu?" Mzee Normand alikunja uso. "Si vizuri hivyo? Waache wapumzike, masikini."

Anselme akavuta pumzi, akanyoosha mkono mmoja, wa pili ukishika gauni. "Mzee Normand, uliyelinda milango hii wakati sisi tuko shule ya chekechea! Maumivu yaliyofichwa ni mwizi aliyejificha. Hakuna askari awezaye kumkamata asiyemwona. Wapi lango lake? Nani anamfungulia? Mpaka panya yule aniambie kwa mguu wake kwamba hapa panauma, hakuna daktari atakayejua dawa imefika wapi wala imetuliza nini. Na hilo goti lako unalolitanguliza kila ukipanda ngazi—"

"Goti langu umelijuaje?"

"Jengo zima linalijua. Unalitukana kwa sauti."

Mlinzi akalitazama goti lake la kushoto, kisha mlango.

"Unasema dawa ya goti hili iko kwenye mguu wa panya."

"Nasema njia ya kuitafuta inapita pale."

Mzee Normand akafikiri. Kisha, bila neno, mtu yule mpana akavua buti zake, moja baada ya nyingine, akazibeba mkononi, akarudi nyuma kwa ncha za vidole mpaka mwisho wa ukumbi, na huko akageuka akasimama katikati ya njia mikono kifuani, na inasemekana kwamba hakupita mwanamume hata mmoja, wala mkuu wa kitivo, ambaye aliambiwa akajaribu ngazi nyingine.

Anselme akarudi kigodani. Pua ikamwasha, hakuikuna. Karatasi ikataka kuchakarika, akaacha kupumua kwa tumbo. Kwenye wavu mambo yakaanza kubadilika: mmoja akajinyoosha, mwingine akaanza kuosha uso, na Gavana, ambaye kwa majuma mengi alikuwa nguzo, akazunguka kijisanduku chake akinusa pembe zake kama mwenye nyumba aliyerudi kutoka safari.

Saa tisa kasorobo Profesa aliingia kwa soli laini, kitambaa puani, simu mkononi. Nyuma yake Sidonie, na deki. Profesa akaliona gauni la karatasi, akafungua kinywa, akakifunga. Anselme akashuka taratibu, akalala chali, akajiingiza chini ya wavu.

Unywele wa tatu ukapanda kutoka kwenye kiganja chake kama mkuki wa taifa. Lakini Gavana alikuwa anajiosha, na panya anayejiosha hapimwi. Wakangoja. Gavana akaosha shavu la kulia, akaosha la kushoto, akarudia la kulia kwa kuwa hakuridhika nalo. Kisha akasimama kwa miguu yote minne, akatafakari, akakojoa.

Kila mtu anajua aliyekuwa chini. Jabari hakupepesa, hakupangusa, hakutaja hata chombo kimoja cha altareni. Alilipokea tone lile katikati ya paji la uso kama wafalme wanavyopokea mafuta, akaupeleka unywele juu, kati ya waya na waya, mpaka katikati ya unyayo. Unywele ukagusa. Unywele ukapinda.

Tarishi akatoka mbio. Akapanda mguu, akafika langoni, akabisha hodi, na lango lilikuwa wazi.

Gavana akainua mguu. Hakuuinua kwa kutembea wala kwa kujikuna. Aliuvuta juu kwa ghafla, akautikisa, akaulamba, akatazama chini kupitia wavu kwa jicho la mtu aliyeamshwa kuulizwa saa.

"Ameinua," alinong'ona Sidonie.

"Nimemwona," alisema Profesa. Akaigeukia simu yake, akawapigia wafadhili. "Ndiyo, ni Vachon. Kipimo kinafanya kazi. Tunaendelea." Akapiga chafya.

Basi na ichongwe kwenye jiwe, na jiwe lisimamishwe penye upepo ili wote walione: kwamba miaka yote iliyotangulia ihesabiwe kuwa kabla ya Mguu, na ijayo yote kuwa baada ya Mguu, kwamba watoto waliozaliwa Montreal alasiri ile, kabla chai haijapoa, waitwe kizazi cha Waya na Unywele, kwamba mto upungue kasi ukipita ghorofa ile ya chini, na ukoo wa Gaudreault, wauzao na wasiouza, watembee kifua mbele kutoka Trois-Rivières mpaka baharini, kwa kuwa mtu wao mmoja, mwenye ndala moja, kwa mkono usiotetemeka, alimgusa kiumbe na kiumbe akajibu.

Anselme akajitoa chini ya wavu, paji likimeremeta, akashika gauni lake kwa nyuma, akanyoosha mkono wa pili kuelekea taa za dari, akakohoa kidogo ili ahutubie.

"Anselme," alisema Profesa kwa upole, "huo ulikuwa wa kulia. Bado wa kushoto."

Jabari akalala chali.